Kuandika maisha ya mzee aliyelelewa shambani, akawa baharia, kisha muuzaji

Kwa Mmarekani wa aina hii, anza na Jeshi la Majini, maana ndiko kwenye karatasi nyingi. Aliyeachishwa jeshi tangu miaka ya 1950 huwa na hati ya DD 214, yenye cheo, nishani, na tarehe za kuingia na kutoka. Isipokuwamo kwenye masanduku ya nyumbani, jaza fomu SF 180, ya kuomba kumbukumbu za jeshi, uitume kwenye kituo cha kumbukumbu za wanajeshi, St. Louis. Akiwa amefariki, faili zima hupewa mjane, mzazi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa. Mjukuu hungoja mpaka itimie miaka 62 tangu baharia aachishwe. Basi mama au mjomba ndiye atie saini.

Ukiambiwa faili liliungua, usikate tamaa. Moto uliozuka kituoni hapo Julai 1973 uliteketeza hasa mafaili ya jeshi la nchi kavu na la anga, si ya majini.

Kuhusu utoto wake, sensa za 1940 na 1950 ziliuliza kama kaya inaishi shambani. Nakili pia majina ya majirani. Mara nyingi kati yao wamo ndugu.

Miaka ya mauzo ndiyo inayoumiza kichwa. Familia huandika tu “aliuza bidhaa miaka mingi”, na nusu ya maisha yake inapotea. Uliza aliuza nini hasa, kwa nani, miji ipi ilikuwa yake, alilipwa mshahara au kamisheni, usiku alilala wapi. Tafuta kadi zake za kazi na madaftari ya maili za gari.