Ring mbili

2007 nilikuwa fomu wani, bodingi moja ya wavulana Dodoma, na mimi nina kigugumizi. Sasa pale kila usiku baada ya prepo anachaguliwa njuka mmoja, yaani mwanafunzi mgeni, asome taarifa ya habari, unapanda juu ya kitanda cha deka, unashika brashi ya viatu ndo maiki, unatangaza. Wenzangu walienda kwa zamu, mimi wakanifanya wa kudumu maana nikifika tu kwenye "ha-ha-habari" bweni zima linalipuka, na nikikwama naanza upya. Hawakunipiga hata siku moja, sasa kwa patroni unaenda kusema nini, kwamba nimesomeshwa habari?

Nikaacha kuongea. Darasani nikiitwa nasimama tu mpaka ticha achoke. Usingizi unakata saa tisa usiku, ugali haupiti, kichwa kila siku kinauma. Dispensari wakanipima, ring mbili, yaani wadudu wa malaria kwenye damu, nikapewa dawa ya mseto nikamaliza dozi, nikarudi, ring mbili tena (sijawahi kuona mtu aliyeenda pale akakosa ring mbili).

Jumapili ya wageni mama akaja toka Moro na hotpoti la pilau. Nikala kidogo nikafunika. Hakuuliza kitu, akanivuta suruali kiunoni, ngumi yake ikaingia yote. Akaniombea ruhusa hapohapo.

Daktari aliyetupokea mjini hakunitoboa kidole. Alimtoa mama nje, akauliza nalalaje, nakulaje, toka lini, bwenini nakaa na akina nani. Hapo kwenye bweni nikalia mpaka makamasi, mengine nikamwandikia kwenye karatasi maana maneno hayatoki. Akamwambia mama hii sio malaria, ni sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni nzito, na mtoto akirudi bweni lile hakuna dawa itakayosaidia. Akaandika rufaa, Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kliniki ya nje.

Mama kusikia Mirembe akakaa. Pale shule kuitwa wa Mirembe ni tusi, na kwetu ndo kabisa. Ila alinipeleka, tukapanga foleni na watu wa kawaida tu, nikaongea na nesi mmoja ambaye nikikwama anasubiri, hanimalizii sentensi.

Nikahamishiwa shule ya kata Moro, ya kutwa. Baba mpaka leo anajua nilihama kwa ajili ya maji ya chumvi ya Dodoma, na wageni wakija anawaelezea kabisa jinsi yale maji yalivyonikondesha.