Chumba cha samaki: vali imetulia, hata jua la saa saba

Imetulia! Geji ya bluu, ya presha ya chini, iko psi 22 na haitikisiki, saa saba mchana, kaskazi yote hii, jua liko utosini. Wiki jana tu, saa kama hii, sindano ilikuwa ikienda 12, inarudi 28, inaenda tena 12, na mimi nimesimama mbele yake kama mtu anayeangalia mpira wa penalti.

Kwa mgeni wa kumbukumbu hizi: ni chumba cha samaki cha ami yangu hapa Amu (Lamu). Gesi ni R404A, kinatakiwa kukaa nyuzi -18, kondensa (inayotoa joto nje) uani, evaporeta (inayopoza chumba) ya feni mbili yenye distributa, na vali inayoipimia evaporeta likwidi, yaani gesi iliyogeuka majimaji, ni TES 2 ya Danfoss. Nimekichukua kama mradi wangu wa baada ya kazi kwa sababu ami amechoka kununua barafu na chumba anacho.

Sasa balaa lenyewe. Usiku chumba kinafanya kazi safi. Alfajiri, safi. Ikifika saa tano vali inaanza kuyumba. Supahiti, yaani nyuzi ambazo gesi inayotoka kwenye evaporeta imezidi kiwango chake cha kuchemka, inapanda hadi 15, vali inajifungua yote, likwidi inafurika mpaka tumbo la kompresa linashika ukungu, halafu inajibana, kisha mchezo unaanza upya. Alasiri jua likilala, inanyamaza yenyewe kana kwamba haikuwa na neno.

Ami ana dawa moja ya maradhi yote: "Tia gesi, mwanangu." Na fundi aliyetangulia alikuwa akimtilia kweli, kila ikisumbua anaongeza, mpaka presha ya juu ikawa inaipiga presostati, swichi inayozima mashine presha ikizidi. Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa kuitoa ile ya ziada. Jamani, gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua pana tundu, na hapa hapakuwa na tundu: nilijaza naitrojeni, nikapaka povu la sabuni kila kiungo, nikaiacha na presha yake usiku kucha. Silinda yenyewe ilitoka Mombasa kwa lori hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikasukumwa na hamali ukingoni mwa maji huku punda wakitupisha kwa shingo upande. Nyinyi wa Mombasa mnaotembea dakika tano kwenda kubadilisha silinda, mshukuruni Mola.

Wengi mngeanza na skrubu ya vali. Najua, kwa sababu ndicho nilichoambiwa na kila fundi niliyempigia simu. Fungua kidogo, funga kidogo. Skrubu ni ya mwisho, na ukiigusa ni robo mzunguko, unasubiri dakika 20, unaandika, ndipo unagusa tena. Nilianza na bulbu, kihisi joto cha vali kinachofungwa kwenye bomba linalotoka kwenye evaporeta. Ilikuwa imefungwa kwa waya wa umeme juu ya bomba lenye rangi! Nikakwangua shaba mpaka ikang'aa, nikaihamishia kwenye kipande kilicholala, ubavuni, chini kidogo ya katikati (bomba ni inchi 7/8, tumboni kabisa hapafai, mafuta yanapita hapo na kuidanganya bulbu), nikaibana kwa ukanda wake wa shaba na kuifunika. Bomba la kusawazisha presha liko baada ya bulbu kama inavyotakiwa, na halijaziba. Nikafungua vali, kichujio kisafi. Nikajaribu orifisi (tundu la ndani ya vali) ya 03, ndogo, badala ya 04: ikayumba vilevile, na juu ya hapo asubuhi chumba kikachelewa kushuka. 04 ikarudi mahali pake.

Hapo ndipo nilipoacha kubahatisha. Nikachukua ESP32 (kompyuta ndogo ya kurekodi) na vihisi joto vya DS18B20, vile vya bei rahisi vyenye kichwa cha chuma, nikavifunga penye saksheni (bomba la kurudi kwenye kompresa), likwidi inapotoka kwenye kondensa, likwidi inapoingia kwenye vali, na kimoja juani. Grafu ya siku mbili ikaniambia jambo ambalo geji haikuniambia: vali haiyumbi kwa kuwa ni mchana. Inayumba bati linapopata moto. Siku ya mawingu haikuyumba kabisa.

Laini ya likwidi inatoka uani, inapanda ukuta, inapita juu ya paa la mabati kama mita kumi na mbili, ndipo inashuka kwenye evaporeta. Aliyeipitisha huko alitaka njia fupi. Sponji nyeusi ilikuwepo zamani. Jua limeifanya unga, ukiigusa inabaki mkononi. Na mabati ya Amu saa saba huwezi kuweka kiganja.

Kilichofanya kosa lijifiche muda wote huo ni mambo mawili. La kwanza, kioo cha kuchungulia kiko kando ya risiva (tangi la likwidi), na pale kiko safi saa zote. Kila fundi anakitazama, anasema likwidi ipo, anaigeukia vali. La pili ni joto lenyewe. Presha ya juu ilikuwa karibu psi 280, yaani kiwango cha kuchemka ni kama nyuzi 45. Likwidi ilitoka kwenye kondensa ikiwa 41. Akiba ya nyuzi 4 tu! Kwenye vali kihisi kilisoma 44, kikaganda hapo. Nyuzi tatu, nani angejali? Lakini ukitoa presha inayopotea kwenye draya (kichujio cha unyevu) na bombani, 44 ndiyo imeshachemka. Haiwezi kupanda zaidi; joto lote linaloongezeka linakwenda kutengeneza mvuke. Nikaweka kioo cha pili kabla tu ya vali, nikakaa kukisubiri. Saa nne, kweupe. Saa tano kasoro, kipovu kimoja, viwili. Saa sita kikawa maziwa matupu. Nilipiga kelele mpaka ami akaja mbio akidhani umeme umenipiga.

Vali hiyo ilikuwa nzima siku zote. Inalishwa povu, evaporeta inakauka, bulbu inapata joto, vali inafunguka, halafu linakuja bonge la likwidi.

Marekebisho: nimeiteremsha laini kutoka paani, inapita chini ya mapaa upande wa kivuli, na kwa mita tatu hivi nimeifunga pamoja na saksheni ndani ya sponji moja, ili baridi inayorudi iipoze. Angalieni hapa: bulbu lazima iwe kabla ya mahali mabomba yanapokutana, la sivyo itasoma joto la likwidi. Na saksheni ikipata joto, bomba la kutokea la kompresa nalo linapanda, kwa hiyo nalipima kila siku, halijafika 105. Kuunganisha ni kwa fimbo za fedha 15% huku naitrojeni ikipita taratibu ndani, kitambaa chenye maji kwenye vali, draya mpya. Vakyumu chini ya maikroni 500, na mafuta ya pampu nilibadilisha kwanza, maana unyevu wa huku haufanyi mzaha na mafuta ya POE ya kompresa. Supahiti sasa ni 6, mchana na usiku.

Kuhusu vifaa: tupeni ile bunduki ya infraredi. Kwenye shaba inayong'aa inasoma kitu chake yenyewe. Kihisi cha kubana bomba, au funika shaba kwa tepu nyeusi. Na geji za sindano mnazozidharau, kwa vali inayoyumba zinashinda za dijitali. Tarakimu zinarukaruka tu, sindano inakuonyesha mwendo.

Niliahidi kwamba kinachofuata ni taima ya kuyeyusha barafu. Itangoje. Tangu nione zile grafu kichwa kimehamia kwenye vali inayofunguliwa na mota ya hatua, niiendeshe kwa ESP32 hiyohiyo. Ami anauliza kwa nini niguse kitu kilichopona, na sina jibu la kumridhisha. Shida ninayoiona ni umeme: ukikatika, vali ya aina hiyo inabaki pale ilipo, na likwidi inahamia kwenye evaporeta. Nadhani solenoidi iliyopo, vali ya umeme ya kuzuia likwidi, itatosha kwa hilo, kwa kuwa inajifunga yenyewe umeme ukienda. Mwenye dreva ya mota ya ncha nne, volti 12, asiyoitumia, aseme bei.