Mara ya tatu ndipo Durban waliponiita

Maombi yangu mawili ya kwanza ya kujiunga na Talents Durban yalikataliwa, na nikiyasoma leo naona haya. "Filamu hii inahusu matumaini ya vijana wa Afrika," niliandika. Vijana gani? Matumaini ya nini? Mwenyewe sikujua.

Talents Durban ni mafunzo ya siku chache kwa watengeneza filamu wa Afrika. Yalianza 2008 kwa ushirikiano na Berlinale Talents, mafunzo ya tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, na hufanyika Julai, wakati wa tamasha la filamu la Durban, Afrika Kusini, lililoanza tangu 1979. Unatuma wasifu, barua ya kujieleza, wazo la filamu na kazi uliyokwisha kufanya. Sisi ambao chuo cha filamu tulikisikia tu, hiyo kazi ndiyo mkombozi.

Mwaka wa tatu Afrika niliiacha ipumzike. Nikaandika habari za babu mmoja wa Kigombe, kijiji cha wavuvi kati ya Tanga na Pangani. Ujanani alivua kwa baruti, ikamkata mkono wa kushoto. Sasa anamfundisha mjukuu wake kushona nyavu. Basi, hayo tu. Nikaambatanisha kipande cha dakika 3 chenye tafsiri ya Kiingereza chini. Kukipandisha kulinila siku nzima kwenye kibanda cha intaneti: asilimia 90, umeme ukakatika, asilimia 60, ukakatika tena. Kama unaomba, usisubiri siku ya mwisho, utalia.

Jibu lilikuja nikiwa kwenye daladala. Niliisoma ile barua pepe mara nne, nikapitiliza kituo.

Safari yenyewe haikuwa na mambo mengi. Mtanzania haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90, na tiketi na malazi nililipiwa. Nilibeba sweta mbili kwa kuwa Julai kwao ni baridi, kumbe mchana wa Durban ni kama wetu wa kipupwe.

Siku ya kujinadi mbele ya wakufunzi nilipewa dakika 5. Nne nzima nilizimalizia kwenye baruti: matumbawe yanavyovunjika, samaki wanavyopungua, doria. Mama mmoja aliyekuwa kimya akanikatiza.

"Huyu mzee anashonaje kwa mkono mmoja?"

Nikamwambia anakaa chini, anaukaza uzi kwa vidole vya mguu wa kushoto, sindano ya mti inapita kwa mkono wa kulia. Fundo likigoma, mjukuu anabonyeza kwa kidole gumba.

"Na hilo liko ukurasa wa ngapi?"

Halikuwepo. Nilikuwa nimeliona kila siku kwa miezi miwili, nikalichukulia jambo la kawaida. Usiku ule, wenzangu wakiwa ufukweni, niliandika upya kurasa zote sita, nikaanzia kwenye mguu. Baruti sasa inatokea ukurasa wa nne, tena kwa sentensi mbili.

Niliporudi nilikwenda Kigombe hata sijafua nguo. Babu akaitikia shikamoo yangu, akanisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye wavu.

"Kwa hiyo umewapelekea Wazulu mguu wangu."

"Ndiyo, babu."

"Ungeniambia mapema, ningekata kucha."