Tafakari ya Ijumaa: Yuko wapi yule anaefagia?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki hii tumemzika mzee wetu wa mtaani, aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi wa manispaa miaka na miaka, Allah amrehemu. Jina lake siliandiki mana watoto wameomba hivo, na mwenyewe alikuwa hapendi kutajwatajwa. Waliokuja maziko mmeona, nusu ya safu walikuwa watu wa mafagio na wa gari za taka, wengine bado wamevaa buti.

Kuna hadithi ya Abu Huraira, imo Bukhari na Muslim, ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume s.a.w. (wapo wapokezi wanaosema alikuwa mwanamme). Akafa, masahaba wakamzika, Mtume hawakumwambia. Yeye akamkosa, akauliza, wakasema kafa ya Rasulallah. Akasema kwa nini hamkuniarifu? Na riwaya inasema ilikuwa kama kwamba wameliona jambo lake dogo. Basi akataka aoneshwe kaburi, akenda akamsalia pale pale. Hebu tizameni, mtu ana wahyi unamshukia, ana wageni kila pembe, ana umma mzima juu ya mabega yake, na bado kajua kuwa mfagiaji leo hayupo.

Mzee wetu alikuwa na ugonjwa huo huo wa kuulizia watu. Alikuwa na kaunta buku lake, jalada limechanika limeshikwa na gundi ya karatasi, mna majina ya wafagiaji na barabara ya kila mmoja, na pembeni kwa penseli kaandika "kifua, hajaonekana tangu Jumatatu", "kajifungua, likizo hajalipwa", "kastaafu, kiinua mgongo bado". Akipita asubuhi akiona barabara haina mtu wake basi jioni anapanda daladala kumtafuta mpaka huko shamba, na nauli ya kurudia si kila siku alikuwa nayo.

Vikaoni alikuwa hapigi kelele, wanaomdhania mgomvi hawakumjua. Wenzake wanasimulia siku ya kuzungumzia mkataba wa hali bora za kazi baina ya chama na manispaa, ile sehemu ya vifaa, wakubwa wanasema vifaa vipo vya kutosha, yeye akatoa mfukoni glovu moja imetoboka vidole viwili, inanuka jaa, akaiweka juu ya faili la mkubwa akanyamaza kimya. Hakuna aliyeigusa. Glovu zikaja, makoti ya mvua yakachelewa mpaka masika yakaisha.

Hayo makoti alikuwa hayafanyii mzaha, na akitwambia barazani sababu yake ni Memphis, Marekani. Tarehe 1 Februari 1968 wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijificha mvua ndani ya gari lao kwa nyuma, ile mashine ya kushindilia ikajiwasha ikawaua. Tarehe 12 wenzao kama 1,300 wakagoma. Martin Luther King akenda kuwaunga mkono na huko huko ndo akauliwa, 4 Aprili, na tarehe 16 manispaa ikakubali kukitambua chama na kupandisha mshahara. Lakini King, mzee wetu alikuwa akimpita haraka, aliyempenda ni T.O. Jones, mzoa taka aliyefukuzwa kazi 1963 kwa kuwapanga wenzake, asirudi nyuma, akawa nao mpaka mgomo ule. Halafu anatukumbusha na sisi tunao wetu, makuli wa bandarini Unguja 1948, mgomo ulioanzia gatini ukashika mji mzima.

Sasa wapo waliokuwa wakimwambia mzee, acha, waambie watu wasubiri, subra ni ibada. Alikuwa akijibu subra ni kwa lililoletwa na Mungu, mshahara uliozuiwa na mja unadaiwa. Mimi naona alikuwa na haki, na nasema wazi kuwa sisi wa misikitini tumelihubiri subra kwa maskini zaidi kuliko tulivyomhubiria tajiri ile hadithi qudsi (maneno ya Allah aliyoyasimulia Mtume) ya Bukhari, ya watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemuajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimlipe ujira wake. Nabii Shuaybu aliwaambia watu wa Madyan "wala msiwapunguzie watu vitu vyao" (Al-A'raf 85), aliwaambia wenye mizani, hakuwaambia wanaopunjwa.

Khitma ni Jumapili baada ya laasiri, tusiipeleke baada ya isha kama tulivozoea, watu wa mafagio wanaamka saa tisa za usiku. Na lile kaunta buku liko kwa mwanawe mkubwa, wasiolipwa bado wamo humo, anaejua kuandika barua za kiofisi amuone.