Na mjakazi wako naye

Sabato njema wapendwa. Wiki hii sina somo refu, nina mstari mmoja tu umenikaa moyoni tangu Jumanne, nilikuwa kwenye foleni ya mwendokasi nikaufungua kwenye simu nikausoma mara tatu nne mpaka gari likanipita. Ni Kumbukumbu la Torati 5:14.

Wengi wetu amri ya nne tunaijua ya Kutoka 20, ile tunayokariri na watoto, na pale sababu ni uumbaji, Mungu alifanya kazi siku sita, ya saba akastarehe. Sasa angalia Musa anavyoirudia miaka arobaini baadae, kizazi kipya kiko mpakani kabisa kuingia Kanaani. Anataja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, mgeni, alafu anaongeza kitu ambacho Kutoka 20 hakipo, kwamba mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike vile vile kama wewe. Vile vile kama wewe jamani! Na sababu anayotoa safari hii sio uumbaji tena, anawaambia kumbuka na wewe ulikuwa mtumwa Misri. Yani watu ambao bibi na babu zao walifyatua matofali bila siku ya kupumzika ndio wanaambiwa msije mkawa Farao kwenye nyumba zenu.

Nikaiangalia Sabato ya nyumbani kwangu. Ijumaa jua likizama tunafungua Sabato, tunaimba, tunaomba, tunalala. Asubuhi tunatoka mapema kuwahi Shule ya Sabato, watoto wamependeza. Nani alipiga zile pasi? Nani aliamka saa kumi na moja kuchemsha chai na viazi? Tukirudi na wageni wawili watatu tunakuta pilau, mchuzi, kachumbari, juisi, matunda yamekatwa, na baada ya hapo sinki limejaa masufuria, mimi nimejinyoosha kwenye kochi nasema asante Yesu kwa pumziko. Dada wa kazi kasimama tangu alfajiri. Lile pumziko nililokuwa namshukuru Yesu kwalo nilikuwa nalitoa kwenye miguu yake, na nimefanya hivyo miaka, na kanisani nimesimama mara nyingi kufundisha habari ya Sabato. Nimetubu kwa hilo na nimemwomba msamaha yeye mwenyewe, sio Mungu peke yake.

Kitu kingine nilichokiona ni kwamba shida ilianzia kwenye sufuria. Vyakula vikiwa sita lazima kuna mtu hatapumzika, haiwezekani vinginevyo. Rudi Kutoka 16 uone Mungu mwenyewe alivyopanga. Siku ya sita kila mtu aliokota pishi mbili za mana, kile chakula Mungu alichowashushia Israeli jangwani, wakaambiwa okeni mnachotaka kuoka, tokoseni mnachotaka kutokosa, kinachobaki kiwekeni mpaka asubuhi. Siku nyingine ukilaza mana inaingia mabuu na kunuka, lakini ile ya kuamkia Sabato haikuharibika. Ndio tunaiita Ijumaa siku ya maandalio mpaka leo. Na chakula chenyewe kilikuwa kimoja, hakuna aliyewekewa meza ya vitu kumi jangwani, na kwa sababu kilikuwa kimoja hata aliyekuwa anapika alikaa chini.

Hata Eliya, 1 Wafalme 19, amechoka mpaka anaomba afe, malaika hakuanza kumhubiria. Alimgusa akamwambia inuka ule, kuna mkate uliookwa kwenye makaa na gudulia la maji, basi. Akala akanywa akalala tena. Akaamshwa mara ya pili akala, ndio akapata nguvu ya kutembea siku arobaini mpaka Horebu. Mkate, maji, usingizi. Mimi naona tunawapeleka watu wengi kwenye maombi ya mkesha wakati walichokuwa wanahitaji ni kulala, na nasema hivi nikiwa napenda mkesha.

Zile dawa nane za asili tunazofundishwa sisi Waadventista Wasabato, hewa safi, jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula bora, maji na kumtumaini Mungu, tukizifundisha tunakaa sana kwenye chakula, nyama hii ndio ile sio, kahawa, soda, na pumziko tunalipita haraka haraka. Waadventista wa kwanza walipofungua nyumba yao ya afya kule Battle Creek, Michigan, mwaka 1866, madaktari wengi bado walikuwa wanawapa wagonjwa zebaki kama dawa, wao wakaenda na maji, hewa, chakula cha kawaida na mapumziko. Ni vitu ambavyo hata mtu wa chumba kimoja Mbagala anaweza kuvipata, isipokuwa hilo la mapumziko, kwa sababu mara nyingi lipo mikononi mwa mwajiri wake. Na serikali yetu yenyewe ya Tanzania, sheria ya ajira ya 2004, inasema mfanyakazi apate angalau masaa 24 ya kupumzika kila wiki. Musa alishasema zamani sana, sisi tunaoimba habari zake ndio tungekuwa wa kwanza.

Kwaiyo nyumbani tumebadilisha. Alhamisi tunalowanisha maharage, Ijumaa mchana yanaiva na viazi vitamu, mchicha unachambuliwa kabisa, baba anapiga viatu brashi, watoto wanapanga nguo zao. Sabato tunakula maharage, viazi vya baridi, parachichi na ndizi mbivu, na wageni wanakula hivyo hivyo. Mgeni mmoja alishangaa kidogo, mwingine akaniambia hajawahi kukaa na mimi mezani tangu ameanza kuja kwangu, siku zote nilikuwa nachungulia jikoni. Vyombo vinalowekwa kwenye beseni mpaka tufunge Sabato alafu tunaosha wote. Mshahara wa dada haukuguswa hata shilingi. Na ninyi mnaopumzika Jumapili hili linawahusu vile vile, na wenye walinzi getini, na wenye vijana wa duka.

Lakini siku ya kwanza namwambia kuanzia leo Sabato ni yako pia, usiguse kazi, alikaa kimya kidogo akaniuliza, "Mama, sasa nikipumzika nitakaa wapi?" Nikaangalia sebule nikahesabu viti, wa familia tulikuwa tunatosha bila yeye, na chumba anacholala ndio stoo ya ndoo na magunia ya mkaa. Jumapili tumehamisha magunia. Kiti fundi amesema kitakuwa tayari Alhamisi.