Stering boksi (boksi ya gia za usukani) ikivuja mafuta, usikimbilie kununua nyingine

Kwanza osha boksi yote kwa dawa ya kuondoa grisi, ikauke, kisha washa injini na mtu azungushe usukani huku wewe ukimulika kwa tochi. Mara nyingi mafuta hutoka kwenye hosi au pampu yakateremka hadi chini, na boksi ikasingiziwa.

Kama kweli yanatoka pale shafti inapoingia kwenye pitmani amu (mkono unaounganisha boksi na fimbo za usukani), sili ya chini, yaani mpira unaozuia mafuta, imekwisha. Weka alama kwenye amu na shafti kabla ya kufungua, na amu itolewe kwa pula (kifaa cha kuvutia). Tafadhali usipige shafti nyundo! Utaumiza beringi na meno ya ndani. Ukishatoa sili, tikisa shafti. Ikicheza kuelekea pembeni, bushi au beringi imelika, na sili mpya haitadumu. Angalia pia kutu na mikwaruzo pale midomo ya sili inapokaa. Funika meno ya shafti kwa selotepu, paka mafuta, ndipo uingize sili mpya.

Skrubu ya juu ni ya kurekebisha mchezo (ulegevu) wa meno ya gia. Haizibi uvujaji, na ukiikaza mno usukani utakuwa mgumu kurudi katikati.

Mwisho, kutoa hewa iliyoingia kwenye mfumo: inua magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani taratibu pande zote mara 15 hadi 20 huku ukiongeza mafuta yanayotajwa kwenye kitabu cha gari. Mafuta ya breki yasiguse kabisa mfumo huu, yanaharibu sili zote.