Kalamu ya bluu

Leo Mbeya baridi kama Juni, lakini mimi nimetoka jasho ofisini.

Mnajua duka langu la mchele wa Kyela pale Mwanjelwa lilinifia. Nikaziba pengo kwa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. (Msinicheke.)

Asubuhi wadai wakampigia bosi. Saa nne naitwa. Mezani kuna barua ya kuacha kazi, imeshachapwa na jina langu, juu yake kalamu ya bluu.

Kifuniko kimeshatolewa.

Hicho kifuniko ndicho kilichoniuma. Yaani hata kukifungua sikuachiwa.

"Mtu aliyefilisika hawezi kuaminiwa na pesa."

Bosi, mimi natunza stoo! Sishiki hata shilingi.

Sikusaini. Shemeji yangu wa chama cha wafanyakazi alishaniambia: ukisaini, umeacha mwenyewe. Wakikufukuza, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawataka waonyeshe sababu halali na wafuate utaratibu, nawe una siku 30 za kupeleka malalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Nimefika Uyole, napapasa mfuko: kalamu ninayo mimi.

Kesho niirudishe? Nani yamemkuta haya, mlifanyaje?